Watu Ishirini na Watatu Waliolala Kolo

Jumanne, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, kampuni ya Wasili, inayopangisha vyumba kwa njia ya simu, iliifunga nyumba ya wageni ya Nurdini iliyoko Kolo, wilayani Kondoa. Haikutuma mtu wala kufuli. Ilituma ujumbe wa simu. Nurdini mwenyewe alikuwa Dodoma mjini, mwendo wa saa tatu na ushee kwa basi kutoka kwenye mlango huo, anakunywa kikombe cha pili cha kahawa na hajui lolote.

Kijiwe chake na wenzake kiko Barabara ya Saba: ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nyuma yake ukuta wa duka la fundi viatu, mbele yake jiko la mkaa la Abdulwahab, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa anayeuza kahawa na kashata tangu kuhamia kwa serikali Dodoma kulipokuwa bado ni habari ya redioni. Hapo kila mtu ana jina la pili. Nurdini ni Scania, kwa miaka thelathini na moja aliyoendesha malori. Meshack, dereva mstaafu wa wizara, ni Vieite, kwa V8 aliyoendesha; gari hilo la serikali alilirudisha miaka minne iliyopita lakini mazungumzo yake hajayarudisha. Sila, kinyozi, ni Hansadi, kwa sababu anakumbuka kila neno lililowahi kusemwa kwenye ubao ule, na aliyelisema, na siku lililosemwa. Elisha, anayesajili laini za simu kwa mwavuli wake pale kona, ni Laini. Ndiye mdogo wao na ndiye mwenye simu kubwa.

Asubuhi hiyo Elisha alifika bila kumwamkia mtu. Hapo ndipo Nurdini alipohisi kuna jambo.

— Mzee Scania, kaa.

— Nimekaa.

— Basi shika kikombe vizuri.

Akamsomea. Kampuni ilisema imeiondoa nyumba kwenye orodha yake kwa sababu ya maoni yasiyo ya kweli. Vyumba vyote vilivyokuwa vimekwisha kushikwa vimefutwa. Mwenye nyumba ana saa arobaini na nane za kukata rufaa, na rufaa yenyewe ni jambo moja tu: kati ya wageni ishirini na watatu walioisifu nyumba hiyo, atoe jina la mmoja anayeweza kuthibitisha kwamba alilala pale.

Nurdini aliomba asomewe tena. Kisha akaomba asomewe ile sehemu ya kufutwa peke yake.

Kila aliyekaa kwenye ubao alijua nyumba ile ni nini kwake. Kiinua mgongo chake chote kimo humo: vyumba vitano, bati la bluu, mlango wa mninga. Anaitunza dada yake, Salma. Watu wanaokwenda kutazama michoro ya miambani pale Kolo hupanda mlima, hupiga picha, na jua likianza kushuka hugeuza gari, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kuna kitanda. Mwezi wa nne Elisha aliiandikisha nyumba Wasili. Mwezi wa sita, katika siku moja, sifa ishirini na tatu zikaingia. Nurdini anatumia simu ya kitochi, hawezi kuziona, kwa hiyo Elisha alimsomea chache alizozichagua mwenyewe hapo hapo kijiweni. Moja aliishika kwa moyo. Ilisema: "Nimelala kama mtoto." Alimpigia Salma akamsomea kama ilivyo. Salma alisema huyo mgeni hamkumbuki, labda alikuja siku aliyokuwa shamba, na Nurdini hakutaka kuuliza zaidi.

Tangu hapo walishikiwa vyumba mara moja tu. Mwalimu mmoja wa Haneti alishika vyumba vitatu, Jumamosi hii. Salma ameshanunua mashuka mapya. Salma pia amesema, na hilo Nurdini hakumwambia mtu, kwamba hao wa Jumamosi wasipokuja yeye anarudi shambani kwake na nyumba itatafutiwa mtu mwingine wa kuifungulia madirisha.

Meshack ndiye aliyefungua mjadala. Alisema yeye hashangai. Sisi serikalini, alisema, tuliwaona hawa tangu wakiwa wadogo. Walianza na nyumba mbili za Arusha, simu moja na daftari. Leo wako nchi tisa. Mwaka wa kwanza hawakukata mtu hata senti, mwaka wa pili wakakata kumi kwa kila mia, sasa ni kumi na nane, na ukishusha bei mlangoni kwako mwenyewe wanakuandikia barua.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alimaliza.

— Kuku mgeni hapo ni nani? aliuliza Sila. Wao ndio wamekuja kwetu.

— Ndiyo. Na kamba wameifunga kwetu.

Elisha akasema tatizo la Wasili ni kwamba haioni. Kampuni yenye vitanda vingi kuliko zote haimiliki hata mto mmoja. Inajuaje kitanda ni kitanda? Akakumbusha habari ya ile familia ya Dar iliyolipia chumba cha ufukweni kule Bahi. Picha ilikuwa ya kweli, ya mwaka wa mvua nyingi, maji mpaka kwenye majani ya mpunga. Walifika mwezi wa kumi wakakuta vumbi, ng'ombe, na mtu wa bodaboda aliyewaambia ziwa limesafiri. Wakaenda redioni. Kampuni ikaomba radhi, kesho yake ikatangaza kwamba imefungua ofisi nchi ya kumi.

— Mlisema nchi tisa, alisema Sila.

— Tisa nimesema mimi, alisema Meshack.

— Nawarekebisha wote, alisema Sila.

Mazungumzo yakaanza kupanda. Meshack alisema wanaotaka Kolo ni wenye mahoteli makubwa. Wamepima hewa ya kule, wanajua. Yeye mwenyewe aliwahi kuwapeleka wakubwa watatu Kondoa, na njia nzima walikuwa wakinong'ona nyuma. Alipoulizwa walinong'ona nini, alisema dereva wa serikali hasikilizi. Elisha alisema si wenye mahoteli, ni mtambo. Kuna mtambo mahali fulani, nchi ya baridi, unasoma kila neno. Ukiona nyumba ndogo inasifiwa kuliko kubwa unaizima, kama fundi umeme.

Sila alisubiri wamalize. Yeye husubiri siku zote.

— Wale watu waliochorwa kwenye mwamba pale Kolo, alisema. Warefu, wembamba, vichwa vikubwa. Wataalamu wamekuja miaka na miaka. Nani kawaambia maana yake?

Alijijibu mwenyewe.

— Ni maoni ya wageni. Walilala pangoni, wakaamka wamenyooka vile. Wakachora ili anayekuja nyuma yao ajue anakokwenda.

— Nyota ngapi? aliuliza Meshack.

— Hesabu vidole.

— Na Wasili wanahusikaje?

— Hayo ni maoni ambayo mtambo wao hauwezi kuyafuta. Ndiyo maana wana hasira na Kolo.

Abdulwahab alijaza vikombe. Nurdini hakucheka. Alikuwa akitazama mkono wa Elisha uliokuwa umeshika simu.

Meshack akamgonga bega. Alimwambia asife moyo, nyumba njema si mlango. Hawa wamefunga mlango wa kwenye simu tu, nyumba iko palepale.

— Hamuelewi, alisema Nurdini. Hili ni jambo dogo. Wametaka mtu mmoja. Mimi ninao ishirini na watatu. Laini, mtafute yule aliyelala kama mtoto. Mpigie sasa hivi.

Elisha akafuta kioo cha simu kwa shati.

— Mpigie, basi.

— Mzee, bando limekata.

— Unauza laini, bando likukatie wewe?

Fundi viatu alikuwa akigonga soli nyuma ya ukuta. Meshack alikuwa amepata kitu cha kutazama ng'ambo ya barabara. Nurdini aliendesha malori usiku na mchana kwa miaka thelathini na moja. Anajua utingo akikwepa macho hivyo, kuna tairi limeshapasuka.

— Hansadi, alisema. Wewe huwa unakumbuka.

Sila alivua kofia yake.

— Alhamisi, tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, saa kumi jioni, alisema. Wewe ulikuwa msibani Makole. Kikao kilifunguliwa na Meshack.

— Kikao gani?

— Cha kamati.

Yakamwagika yote. Walikuwa wameona nyumba ya mwenzao imekaa miezi miwili kwenye simu bila neno hata moja chini yake, kama arusi isiyo na wageni. Wakafanya linalofanywa mwenzako akiwa na jambo: wakaunda kamati. Mwenyekiti Meshack, katibu Elisha. Kila mwanakamati alipangiwa nyota tano na maneno, na asiyetoa mpaka saa kumi na moja angesomwa jina kwenye grupu. Waliochelewa walikumbushwa. Fundi viatu alitoa. Mke wa Meshack alitoa, na shemeji zake wawili waliokuwa wamekuja kusalimia. Wasiokuwa na simu janja Elisha aliwatolea. Mchango ulitimia kwa dakika arobaini, watu wote wakiwa kwenye ubao huu huu na karibu yake.

— Niliwaandikia mfano, alisema Elisha. Wakanakili.

— Mfano upi?

— "Nimelala vizuri, maji ya moto yapo, wenyeji wakarimu, nitarudi."

— Kolo hakuna maji ya moto. Salma anachemsha.

— Sasa tungejuaje, mzee.

Sila akaongeza, kwa kuwa asingeweza kuliacha, kwamba kumi na wanane walinakili neno kwa neno. Mwenyekiti mwenyewe alinakili kutoka kwenye grupu jingine kwa bahati mbaya. Alichoandika chini ya nyumba ya wageni ya Kolo ni: "Tunawatakia ndoa yenye amani na watoto wengi."

— Nililiacha, alisema Meshack. Niliona halina ubaya.

Nurdini aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa amezisimulia sifa zile msikitini. Alikuwa amemsomea mama yake. Mwezi mzima alitembea Dodoma hii akijua kwamba mahali fulani, labda Moshi, labda ng'ambo, kuna mtu asiyemjua kabisa aliyepumzika vizuri chini ya bati lake la bluu.

— Ile ya kulala kama mtoto, alisema. Ile haikunakiliwa. Ni ya nani?

Mwendesha bajaji mmoja alisimama mbele ya jiko, lakini hakuna aliyemgeukia.

— Yangu, alisema Abdulwahab.

Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili.

— Mimi sijui kuandika kwenye mambo hayo. Nilimwambia huyu kijana, aandike. Nilifikiria kwetu. Kule juu ukilala unalala. Sikufikiria nyumba yako, Nurdini. Nilifikiria kwetu tu.

Aliyeshuka kwenye bajaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye bahasha kubwa ya hospitali kwapani. Ndani ya bajaji alibaki mama mtu mzima, ameketi upande upande, ameshikilia bomba la mbele. Mwanamke aliwaamkia wote kwa pamoja, shikamooni, nao wakaitikia wote kwa pamoja, hata Elisha ambaye hakustahili.

Alisema jina lake ni Dorothea, mwalimu, kutoka Haneti. Alikuwa amempigia asubuhi mwenye namba iliyo kwenye ukurasa wa nyumba ya Kolo, akaelekezwa hapa. Elisha alikubali kwa kichwa kwamba ni kweli. Katika kuchanganyikiwa alisahau kulisema.

— Vyumba vyangu vimefutwa, alisema Dorothea. Sikuelewa sababu. Mwenye nyumba ni nani?

— Ni mimi, mwanangu.

— Nyumba ipo?

— Ipo.

— Imeungua? Imeuzwa?

— Ipo kama ilivyo. Ni mambo ya simu.

Dorothea akageuka kutazama bajaji, kisha akarudi kwao. Alieleza kwamba mama yake amekuwa akiomba kuiona ile michoro tangu yeye Dorothea akiwa mdogo. Kila mwaka kulikuwa na kilimo, au ada, au msiba. Sasa mgongo umemkamata, na wametoka kliniki muda huu. Daktari amesema safari si mbaya, kibaya ni mahali atakapolala. Kwenda na kurudi siku moja hawezi. Ndiyo maana alisoma maoni ya watu kwa makini kabla ya kushika chumba, yote ishirini na matatu.

— Lile la ndoa sikulielewa, alisema.

Meshack akakohoa.

— Lakini kuna mmoja aliyeandika kwamba amelala kama mtoto. Huyo ndiye aliyenifanya nichague kwenu. Mama hajalala hivyo mwaka wa pili sasa.

Abdulwahab aliinama akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

— Mimi ya kampuni siyajui, alisema Dorothea. Tunaweza kuja tu wenyewe. Nataka kujua jambo moja. Godoro likoje?

Meshack alimtazama Elisha. Elisha alimtazama Sila, ambaye anakumbuka kila kitu kilichowahi kusemwa pale, na hilo halikuwahi kusemwa.

Wote wakamtazama Nurdini.

— Godoro, alisema Nurdini. Godoro ni zuri. Dada yangu ndiye aliyenunua.

— Ni gumu au linabonyea?

— Ni jipya.

— Wewe ulipolilalia ulionaje?

Nurdini alijua kila tofali la nyumba ile. Alijua idadi ya misumari ya bati, alijua mlango wa mninga ulipasuliwa kwa nani na ukakaa jua siku ngapi. Lakini kila alipokwenda Kolo alilala kwa mama yake, kwenye kitanda cha kamba alicholalia tangu ujana, kwa sababu mtu hawezi kufika kwao akalala nyumba ya wageni.

— Sijalilalia, alisema.

— Na hawa wenzako?

Dorothea aliwapitia kwa macho mmoja mmoja, kama anavyoita majina darasani, na Nurdini akaona amekwisha kuelewa. Hakupandisha sauti. Alisema basi wao watakuwa hapo kwenye stendi ya mabasi ya Haneti mpaka saa saba, na kama kuna mtu atakayejua, ampigie. Aliacha namba yake kwa Sila. Bajaji ikageuka, na yule mama, ilipowapita, aliinua mkono kuwasalimu.

Meshack alianza kusema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sila alimuuliza kwa upole inahusu nini. Meshack alikiri kwamba haihusu.

— Ulisema nyumba njema si mlango, alisema Abdulwahab.

— Nilisema.

— Hukuimaliza. Fungua uingie ndani.

Akainamisha birika juu ya kikombe cha Nurdini. Likatoka tone, kisha machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha, na saa tatu ilikuwa haijafika.

Nurdini alisimama, akajipangusa vumbi la tofali. Aliuliza kama basi la Kondoa la saa nne bado linapitia njia ile ile ya zamani. Elisha alisema atampeleka stendi.

Haya ndiyo yaliyojulikana baadaye.

Jumanne saa saba kasoro robo, Nurdini akiwa ndani ya basi, alimpigia Dorothea akamwambia jibu atalipata kesho. Jumatano saa moja asubuhi alimtumia ujumbe kwa kitochi chake, na Sila, aliyeonyeshwa, anaukumbuka wote: "Nimelalia magodoro mawili. La chumba cha kwanza limebonyea upande wa ukutani. La chumba cha tatu ni gumu, halikuniuma mgongo. Maji ya moto ni ya kuchemsha. Jogoo wa jirani anaanza saa kumi. Mito si mizuri, njooni na yenu." Dorothea alijibu saa mbili: "Chumba cha tatu ni cha mama."

Alasiri ya siku hiyo Elisha alituma rufaa Wasili, ikiwa na jina la Nurdini kama mtu aliyelala. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Mwenye nyumba hahesabiwi kuwa mgeni, na hayumo kati ya wale ishirini na watatu. Alhamisi saa moja na dakika kumi na mbili muda wa rufaa uliisha, na ukurasa wa nyumba ile haukufunguliwa.

Jumamosi saa nane mchana, Salma aliandika kwenye daftari la wageni majina matatu: Dorothea, mama yake, na mama yake mdogo. Mstari ulio juu yao una tarehe ya Jumanne, kwa mwandiko mwingine. Jina: Nurdini. Atokako: Dodoma. Kazi: dereva mstaafu. Sababu ya safari: kulala.